Wanafunzi wangu wanakwama kwenye mchoro wa mtandao wa shughuli za mradi, nyie mnawaelezaje?

Mwl_wa_Dom

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa mwenye uzoefu. Nafundisha chuo kimoja cha kati hapa Dodoma, somo la usimamizi wa miradi, diploma mwaka wa pili, darasa lina watu arobaini na kitu ambao wengi wao hesabu waliagana nayo kidato cha nne. Semista yote inaenda vizuri, andiko la mradi wanaandika, bajeti wanapanga mpaka unafurahi, tukifika tu kwenye mchoro wa mtandao wa shughuli, ule wa mishale wa kuonyesha shughuli ipi inatangulia ipi, darasa linapoa na watu wanaanza kuangalia chini.

Kwanza jina lenyewe linawachanganya. Kila mwaka nikisema leo tunaanza mchoro wa mtandao kuna mtu atauliza kama tunaingia mambo ya kompyuta na nyaya, na simlaumu maana siku hizi ukisema mtandao mtu anasikia intaneti tu. Nawaambia fikirieni wavu wa samaki, uzi unakutana na uzi kwenye fundo, wanaelewa kidogo tunasonga.

Alafu ndo yanakuja yenyewe. Jaribio la juzi nimesahihisha mpaka saa sita usiku na makosa ni yaleyale. Mishale miwili inakutana sehemu moja, mmoja umefika siku ya 7 mwingine siku ya 14, mtu kaandika 21, kajumlisha! Mwingine kachukua 7 kisa ni ndogo. Kwenye hesabu ya kurudi nyuma, kutoka mwisho wa mradi kuja mwanzo, ndo kabisa, kila mtu na lake. Kritiko pathi, yani ile njia ndefu kuliko zote inayoamua mradi utaisha lini, wanachagua zile shughuli ambazo wao wanaona ni muhimu, yani kama kuna "kusaini mkataba" basi lazima iwekwe hata kama hesabu inakataa. Na kuna binti mmoja wa mbele kaniuliza swali limenikaa kichwani mpaka leo: mwalimu, kama tunataka mradi uishe mapema kwa nini tunachukua njia ndefu kuliko zote badala ya fupi? Nilimjibu, ila usoni niliona jibu halijafika.

Na kinachoniuma zaidi ni wale wanaopata. Mtu anajaza visanduku vyote sawasawa, ES na EF (kuanza na kuisha mapema kabisa), LS na LF (kuanza na kuisha kwa kuchelewa kabisa), floti (siku ambazo shughuli inaweza kuchelewa bila kuchelewesha mradi) siku 7, vizuri kabisa, ukimuuliza hiyo 7 inamsaidia nini msimamizi wa mradi anakuangalia tu. Sasa huyu akienda kazini ataitumiaje.

Slaidi nimetumia, video za YouTube nimewatumia, maswali ya miaka ya nyuma tumefanya. Mtihani umebaki wiki nne. Mnaofundisha, au mnaofanya hizi kazi kwa mikono, naombeni mnisaidie.

Saiti_Mwanza

Mwalimu pole na kazi. Mimi sio mwalimu, nasimamia ujenzi huku Mwanza mwaka wa kumi na moja huu, ila vijana wa mafunzo kwa vitendo wanaletwa kwangu kila mwaka na wote wanakuja na shida hiyohiyo, anakuchorea vizuri ila ukimwambia mbao zitachelewa siku nne tufanyeje anaduwaa.

Mimi naona shida ni kwamba wanapewa namba kabla hawajajua kusubiri. Mshale kwenye ule mchoro hauna maana nyingine zaidi ya "huyu anamsubiri yule". Basi. Mtu akishika hilo mengine yote yanajifungua yenyewe, na asiposhika hata umpe fomula kumi atakuwa anakariri.

Mimi nawapa nyumba. Nyumba ndogo ya vyumba viwili ambayo kila mtu ameshaiona ikijengwa mtaani kwao. Nawaambia hivi:

A – kusafisha kiwanja na kupima msingi, siku 2, haisubiri kitu
B – kufyatua tofali za saruji na kuzimwagilia mpaka zikomae, siku 14, haisubiri kitu
C – kuchimba msingi na kumwaga zege, siku 5, inasubiri A
D – kuagiza mbao na bati mpaka zifike, siku 10, haisubiri kitu
E – kunyanyua kuta mpaka linta, siku 9, inasubiri B na C
F – kupaua na kuezeka, siku 6, inasubiri D na E
G – kuchimba na kujengea shimo la choo, siku 7, inasubiri A
H – plasta na sakafu, siku 8, inasubiri F
Nyumba imekwisha G na H zote zikiisha.

Kabla ya kuchora chochote nawauliza, fundi wa kuta anaanza siku gani? Msingi umeisha siku ya 7, tofali zimekomaa siku ya 14. Hakuna kijana hata mmoja ambaye ameshawahi kuniambia 21, na hakuna aliyesema 7, kwa sababu wanamwona yule fundi kakaa juu ya ndoo anasubiri tofali. Wote wanasema 14. Ndo nawaambia sasa hiyo ndo kanuni yenu ya kuchukua kubwa, mnaijua tangu zamani, ni vile darasani hamkuambiwa kwamba ile namba ni mtu amekaa anasubiri.

Endelea hivyohivyo. E inaanza 14 inaisha 23. Mbao zilifika siku ya 10 ila kuta zinaisha 23, kwa hiyo kupaua ni 23 mpaka 29. Plasta 29 mpaka 37. Shimo la choo lenyewe 2 mpaka 9, limeisha zamani. Nyumba siku 37.

Alafu rudi nyuma, na hapa swali linabadilika. Kwenda tulikuwa tunauliza "mapema kabisa naanza lini", kurudi tunauliza "nikichelewa mwisho wangu ni wapi kabla sijaharibia watu". A ina watu wawili nyuma yake, C na G. C ikichelewa sana inatakiwa ianze siku ya 9, G inaweza kusubiri mpaka siku ya 30. Sasa wewe uliyepewa kazi A utamsikiliza nani? Yule mwenye haraka, wa siku ya 9. Ukimsikiliza wa siku ya 30 yule wa 9 umemuua na nyumba imechelewa. Ndo maana kurudi tunachukua ndogo. Sio sheria ya kukariri, ni kuogopa kumchelewesha mwenye haraka.

Swali la huyo binti ni zuri sana, mwambie nimelipenda. Jibu langu: hatuchagui njia. Sio kama safari ya Mwanza kwenda Dar ambapo unaweza kupita Singida au ukazungukia kwingine, hapa njia zote lazima zipitwe na watu tofauti, na nyumba inaisha siku yule wa mwisho kabisa akifika. Kama watu wanne wanakuja kwenye kikao na kikao hakianzi mpaka wote wafike, kikao kitaanza muda wa nani? Wa yule anayetoka mbali.

Na angalia kwenye mfano huu kritiko pathi ni B, E, F, H, yani tofali, kuta, paa, plasta, 14 na 9 na 6 na 8, jumla 37. Msingi haumo! Vijana wote wanakataa kwanza, msingi si ndo muhimu? Ni muhimu sana, ukikosea nyumba inapasuka, ila msingi una siku 7 za kupumua na tofali hazina hata moja. Hapo ndo wanaelewa kwamba hiyo njia haihusu kazi ipi ni kubwa, inahusu kazi ipi haina pa kupumulia.

Bi_Takwimu

Salamu kutoka Mombasa mwalimu mwenzangu, na huyo ndugu wa Mwanza amesema vizuri mno, hiyo nyumba yake nitaiiba.

Mimi nimefundisha vijana wa kasneb, mitihani ya uhasibu ya Kenya, kwa muda, ile karatasi ya hesabu ina mtandao wa miradi ndani, na nataka kuongeza mambo ambayo nimeyaona yakiwaangusha hata wale wanaoelewa.

La kwanza ni hili la kuanza na sifuri au na moja. Kitabu kimoja kinaanza mradi siku ya 0, kwa hiyo kazi ya siku 2 inaisha kwa 2. Kitabu kingine au video nyingine inaanza siku ya 1, kwa hiyo kazi ya siku 2 inaanza 1 inaisha 2 na inayofuata inaanza 3, na unatoa moja kila mahali. Zote ni sahihi na jumla ya siku ni ileile, lakini mwanafunzi akitazama video mbili usiku mmoja anachanganya zote kwenye swali moja na majibu yanapishana moja moja hivi mpaka anaona yeye ndiye mjinga. Chagua moja, iandike ubaoni siku ya kwanza usiifute. Mimi nachagua sifuri na nawaambia namba hizi sio majina ya siku, ni majira ya jioni: 2 maana yake jioni ya siku ya pili jua limezama, aliye nyuma anaanza asubuhi yake. Sifuri ni jioni ya kabla hatujaanza. Tangu nianze kusema "jioni" maswali hayo yamepungua sana.

La pili ni mitindo miwili ya kuchora. Kuna ule wa zamani ambapo shughuli ni mshale na duara ni tukio, na kuna huu ambapo shughuli ni kisanduku na mshale ni kusubiri tu. Silabasi nyingi bado zinaulizia wa zamani. Mimi huanza na visanduku mpaka wazoee, wiki nzima, halafu ndio nawapeleka kwenye mishale, kwa sababu ule wa mishale unaleta zile dami, mishale ya nukta nukta isiyo na muda, na mtu asiyeelewa kusubiri hawezi kuelewa dami hata ufanyeje.

Na huwa nawasimulia kidogo hii kitu ilikotoka, dakika tano tu, kwa maana inawasaidia kukumbuka. Mwaka 1957 kampuni ya DuPont huko Marekani ilikuwa na viwanda vya kemikali vya kujenga na kukarabati, kazi ambazo walishazifanya mara nyingi na muda wake wanaujua, Morgan Walker wa DuPont na James Kelley wa Remington Rand wakatengeneza CPM, yani mbinu ya kutafuta hiyo kritiko pathi. Mwaka 1958 jeshi la majini la Marekani lilikuwa linatengeneza makombora ya Polaris, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukitengeneza, nani atakwambia kinachukua siku ngapi? Ndio PERT, mbinu ya mtandao ya kazi ambazo muda wake haujulikani, ikaja na makisio matatu, la heri, la kawaida na la shari. Kwa hiyo mwanafunzi akiulizwa tofauti asikariri mistari, ajiulize tu: muda naujua au sijui? Na vile visanduku vilikuja kushika baada ya John Fondahl wa chuo kikuu cha Stanford kuonyesha mwaka 1961 namna ya kufanya kwa mkono bila kompyuta, kwa ajili ya wajenzi. Hilo huwa nalirudia mara mbili, kwamba ilitengenezwa ifanyike kwa mkono, kwa hiyo tusiikimbie.

Kwa PERT mfano wangu ni lori. Mwalimu wewe uko Dodoma, chukua mbao kutoka Mafinga. Heri kabisa siku 2, kawaida siku 4, mvua zikishika na lori likikwama siku 12. Unachukua 2, ongeza 4 mara nne, ongeza 12, gawa kwa sita, unapata 5. Waulize kwa nini sio 4 wakati kawaida ni 4? Kwa sababu shari iko mbali kuliko heri, inavuta. Wakiona ile 12 inavyovuta kisio kutoka 4 hadi 5 wameelewa kitu ambacho fomula peke yake haiwaambii.

La mwisho, usahihishaji. Mtoto akikosea namba moja mwanzoni na mengine yote akayafanya kwa mantiki sahihi juu ya ile namba yake, mpe alama za mantiki. Nilikuwa mkali hapo zamani, mtu anapata 2 kati ya 20 kwa kosa moja la kujumlisha, na nilichowafundisha ni kwamba hili somo ni la kuogopa.

mdogo_wa_Moro

Mi nimemaliza mwaka juzi niongee kama mwanafunzi. Kilichonisumbua ni kile kisanduku chenye namba nne kwenye pembe. Mwalimu anajaza haraka haraka ubaoni na kila kitabu kinapanga pembe kivyake, hiki ES iko juu kushoto kile ES iko chini kushoto, ukifunga daftari ukifungua kesho hujui ipi ni ipi. Kilichonisaidia rafiki yangu aliniambia juu ni kwenda chini ni kurudi, na jaza juu yote kwanza kwa peni ya bluu mpaka mwisho wa mradi ndo ushike peni nyekundu urudi. Usijaze kisanduku kimoja chote alafu uhamie kingine, wengi wanafanya hivyo na haiwezekani kwa sababu ya chini inategemea mwisho ambao hujaufikia. Mwalimu waambie hilo wazi kabisa maana sisi tulikuwa tunaona aibu kuuliza.

Na floti, mi nilikuwa najua kuitafuta LS toa ES ila sikujua kwamba inagawanywa. Nilidhani A ina 7 na C ina 7 kwa hiyo jumla kuna 14 za kuchezea. Hapa ndo nilipopotezea alama kwenye mtihani.

Saiti_Mwanza

Hapo kwa mdogo wetu wa Moro ndo penyewe hasa. Kwenye ile nyumba A inaonyesha floti 7 na C inaonyesha floti 7, lakini ni 7 zilezile, ni kama chungu kimoja watu wawili wanakula. A akichelewa siku 5 kwenye kupima, C kabakiwa na 2. Ndo maana kuna floti huru, yani siku unazoweza kuchelewa bila kumsukuma anayekufuata, ya A ni sifuri kwa sababu akichelewa hata siku moja tayari C kasukumwa, na ya C ni 7 kwa sababu anayemfuata ni E ambaye bado anasubiri tofali. Mbao zina 13 peke yake hazigawani na mtu, kwa hiyo mbao zikichelewa siku nne mimi nalala usingizi, tofali zikichelewa siku moja siku hiyo silali.

kamati_ya_harusi

Mie nimesoma uhasibu na sasa naendesha shughuli za harusi Tanga, nilikuwa nasoma tu ila mmegusa dami nikaona nichangie maana mie niliielewa kwenye kikao na sio chuoni.

Kuna kazi nne. Kuchapa kadi. Kupanga orodha ya wageni. Kugawa kadi, hii inasubiri kadi zichapwe na orodha iwepo, vyote viwili. Na kuagiza chakula, hii inasubiri orodha tu, mpishi anataka idadi ya watu hana shida na kadi. Sasa chora kwa mishale. Ukizikutanisha kadi na orodha kwenye duara moja na kutoa kugawa na chakula hapohapo, umesema mpishi naye anasubiri mtu wa kuchapa, ambacho ni uongo, na kwenye harusi uongo huo unakula hela maana bei ya mchele haikusubiri. Ukizitenganisha kabisa umesema kugawa hakuhitaji orodha, uongo pia. Kwa hiyo orodha inaishia kwenye duara lake, kutoka pale chakula kinaondoka kwa mshale wa kweli, na unavuta mshale wa nukta nukta kwenda kwenye duara la kadi. Huo wa nukta hauna kazi wala siku, unapeleka taarifa tu, "orodha tayari". Mie nilivyoambiwa chuoni dami ni shughuli isiyo na muda nilibaki najiuliza shughuli gani hiyo isiyo na muda. Sio shughuli, ni taarifa. Na mtu akiuliza unaelekea upande gani, unatoka kwa anayetoa taarifa kwenda kwa anayeisubiri, orodha kwenda kadi, ukigeuza umemfanya mpishi asubiri tena.

Tarakilishi255

Naona mnajichosha bure. Sikuhizi nani anachora kwa mkono? Wape ProjectLibre ni ya bure kabisa, waingize shughuli na siku, programu inawaonyesha kritiko pathi kwa rangi nyekundu, kazi imekwisha mnahamia mada nyingine.

Bi_Takwimu

Ndugu yangu programu nzuri hata mimi naitumia, lakini baada, si kabla. Programu inahesabu kile ulichoiambia. Nilikuwa na kijana alisahau kuunganisha shughuli moja na inayoifuata, ikaelea peke yake siku ya kwanza, mradi wa miezi mitano ukatoka miezi mitatu na yeye akafurahi kwamba ni mfupi. Aliyewahi kuchora kwa mkono angeiona ile kazi inaning'inia haina mshale wa kutoka. Waanze na karatasi yenye shughuli nane au tisa, waifanye mpaka waikosoe wenyewe, halafu wafungue programu wahakikishe. Na mtihani wake ni wa karatasi bado.

Mwl_wa_Dom

Wakuu nimerudi kuwapa mrejesho, wiki mbili zimepita na siwezi kunyamaza.

Nilichukua nyumba ya Saiti_Mwanza kama ilivyo. Nilikata maboksi ya karatasi nane, nikaandika kila moja herufi na kazi na siku, nikawapa watu wanane wasimame mbele. Hatukuchora. Nilisema kila mmoja amshike bega yule anayemsubiri, kama wawili awashike wote wawili. Alafu mimi nikawa napiga dawati kwa kalamu, pigo moja siku moja, darasa zima linahesabu kwa sauti, na kila mtu akimaliza siku zake anakaa chini. Asiyeruhusiwa kuanza anasimama tu kimya mpaka mabega yote aliyoshika yakae.

Siku ya 2 A kakaa, C na G wakaanza kuhesabu zao. Siku ya 7 C kakaa. Kadi ya E alikuwa nayo yule binti wa swali la njia ndefu, akaachia bega la C akataka kuanza, akaona mkono wake wa kushoto bado uko kwa B aliyesimama anahesabu tofali. Akabaki amesimama. Pigo la 8, la 9, la 10, D naye kakaa, darasa linacheka, yeye anamwangalia B kama amemkosea kitu. Pigo la 14 B kakaa chini ndo binti akapumua akasema kwa sauti "sasa naanza". Mtu wa nyuma kabisa ambaye jaribio lililopita alijumlisha 7 na 14 akasema eeh, kumbe ni huyu wa mwisho. Sikuongeza neno. Tulimaliza pigo la 37 H akakaa peke yake, na wote waliona nani walikuwa wanamchelewesha nani, wakaitaja wenyewe B, E, F, H kabla sijaandika ubaoni.

Kipindi kilichofuata ndo nikaleta visanduku, juu bluu chini nyekundu kama alivyosema mdogo wa Moro, na neno jioni la Bi Takwimu nimeliandika pembeni ya ubao. Dami nimefundisha kwa kadi za harusi, asante dada wa Tanga, hiyo ya taarifa imewaingia sana.

Alafu nikawapa swali: mwenye nyumba ana hela, ananunua tofali zilizokomaa tayari, B inashuka kutoka siku 14 mpaka siku 4, ameokoa siku ngapi? Karibu wote waliandika 10. Nikawaambia simameni tena na maboksi yenu. Safari hii E alipoachia B siku ya 4 akajikuta anamsubiri C mpaka siku ya 7, nyumba ikaisha siku ya 30. Ameokoa 7, zile 3 nyingine kazilipia hela bure. Hawakuniuliza kwa nini, walikuwa wanabishana wenyewe.

Jaribio la pili sijamaliza kusahihisha ila nimepitia nusu na hakuna aliyejumlisha kwenye makutano. Kwenye kurudi nyuma bado wapo wanaoteleza, hasa pale A inapogawanyika.

Sasa binti yule ameniletea lingine. Anasema mwalimu kwenye mchoro C na G zote zinaanza siku ya 2, lakini kwetu anayechimba ni mzee mmoja na mwanae, atachimba msingi na shimo la choo kwa wakati mmoja vipi? Saiti_Mwanza hapo naomba unisaidie kabla ya Alhamisi.

Saiti_Mwanza

Mwalimu umenifurahisha usiku huu, na huyo binti akimaliza chuo umlete huku.

Mwambie kaona kitu ambacho mchoro haukioni. Mchoro unajua kazi ipi inasubiri kazi ipi, haujui kwamba mchimbaji ni mmoja. Hiyo lazima umwambie wewe. Kama mzee anachimba msingi kwanza, C inaenda 2 mpaka 7, choo 7 mpaka 14, hakuna shida, choo kina siku 28 za kupumua. Ila wapo mafundi wanaanza na choo kwa sababu watu wa saiti wanahitaji pa kujisaidia, hilo mimi nimeliona mara nyingi. Hapo choo 2 mpaka 9, msingi 9 mpaka 14, na kuta zinaanza 14. Nyumba bado siku 37! Lakini zile 7 za msingi zimeliwa zote, mvua ikinyesha siku moja kwenye shimo nyumba yote imesogea.

Usimpe jibu hilo. Mwambie aongeze mshale mmoja kutoka G kwenda C alafu atafute kritiko pathi upya.

Mwl_wa_Dom

Nimemtumia usiku huuhuu. Saa tano kasoro kanijibu kwa picha ya daftari, kachora yote kwa mkono, bluu na nyekundu. Kapata njia mbili, B-E-F-H na A-G-C-E-F-H, zote 37. Chini yake kaandika kwa penseli: "Mwalimu, kwa hiyo mzee aanze na msingi."